Kulwa na Doto Hawajasema: Tulikotoka na Tunakokwenda

Ndugu wana-Turiani, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Historia ya kwetu mara nyingi huandikwa kwa majengo na mawe ya msingi. Mwaka huu tumechagua jambo lisilo na jiwe la msingi: watoto wetu wanaochelewa kusema, hasa mapacha.

Wazee wetu chini ya milima ya Nguru walimtazama mtoto kwa makini. Kiswahili bado kina neno kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na neno hilo lilibeba hofu ya mkosi. Mtoto aliyekuja tofauti alitafutiwa sababu, na sababu zilizokuwa karibu ni mizimu na laana. Mapacha wakichelewa kusema, bibi mmoja alisema, "Waacheni, wanasemezana wenyewe." Mwingine alitaka wakatwe udata. Wengi wetu tulilelewa na mabibi hao na hatuwacheki. Walitumia walichokuwa nacho.

Mwaka 1877 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Mhonda. Baadaye tukapata hospitali ya Bwagala, na mashamba ya miwa ya Mtibwa yakaleta watu wa makabila mengi. Lakini kwa mtoto asiyesema, milango ilikuwa michache. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, mbali sana na kwetu. Elimu ya msingi kwa wote, iliyotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, ilijaza madarasa yetu, ila asiyesema alibaki nyumbani akiitwa bubu. Tunawakumbuka hao kwa sura. Baadhi yao masikio yalikuwa yakitoka usaha tangu wakiwa wachanga, na hakuna aliyeuliza kama wanasikia.

Wakati huo wengine duniani walikuwa wameshajifunza jambo. Huko Moscow, miaka ya 1930, mtaalamu Alexander Luria na mwenzake Yudovich waliwafuatilia mapacha wa kiume wa miaka 5 waliokuwa na lugha yao wenyewe ambayo wengine hawakuielewa. Walipotenganishwa, kila mmoja akacheza na kundi lake la watoto, ndani ya miezi mitatu usemi wao ulikuwa umesonga mbele sana. Uingereza nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mapacha wa miezi 20 walikuwa nyuma kwa lugha kwa karibu miezi 2, na wa miezi 36 kwa karibu miezi 3, wakilinganishwa na watoto waliozaliwa mmoja mmoja. Watafiti waliona kwamba chanzo kilikuwa zaidi namna wazazi wanavyozungumza na kucheza nao, kuliko matatizo ya uzazi. Mama mwenye wawili mgongoni na kifuani hana muda wa kuzungumza na kila mmoja peke yake. Hilo si kosa lake. Ni mzigo unaohitaji mikono mingine.

Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi nusu: ni kweli mapacha huchelewa kidogo. Hatari iko kwenye neno "waacheni". Kulwa anaweza kuwa amechelewa tu, kumbe Doto hasikii, na tukiwahesabu kama mtu mmoja hatutaliona hilo. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, au wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili kama "mama njoo", apelekwe kupimwa, kwanza masikio. Asisubiri darasa la kwanza.

Nchi yetu imeshaweka njia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010, na Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Lakini wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache na wako mijini. Mzazi wa kijijini kwetu hulipa nauli hadi Morogoro, mara nyingine hadi Dar es Salaam, kisha anaambiwa arudi tena mwezi ujao. Wengi hawarudi.

Ndiyo maana mwaka huu chama kinaomba mchango wenu kwa mambo matatu: nauli za wazazi wanaopewa rufaa, mafunzo kwa wahudumu wa afya wa vijijini, ili siku ya kliniki wampime kila pacha peke yake, na vifaa vya kuchunguza masikio.

Aliye mbali atume fedha. Aliye nyumbani ampakate Doto nusu saa kila jioni, amsimulie hadithi, amtajie kuku, mto na mlima, huku mama akizungumza na Kulwa. Huo nao ni mchango, nasi tunauhesabu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.