Ujira na Haki za Mfanyakazi Mwenye Ulemavu: Sheria Inavyoelekeza

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua katika Ibara ya 22 haki ya kila mtu kufanya kazi, na katika Ibara ya 23 haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi wa aina yoyote. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya Mwaka 2010. Sheria hiyo, pamoja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya Mwaka 2004, ndiyo msingi wa haki za kazi za kundi hili kwa upande wa Tanzania Bara. Zanzibar inaongozwa na sheria zake.

Nafasi za ajira

Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia 3 au zaidi ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Kwa hesabu hiyo, kiwanda chenye wafanyakazi 100 kinapaswa kuwa nao 3, na chenye wafanyakazi 300 kinapaswa kuwa nao 9. Takwa hili haliondoi sharti la sifa: mwombaji anatakiwa awe na sifa za chini zinazohitajika kwa nafasi husika. Hata hivyo, sifa hizo sharti zitokane na kazi yenyewe. Kudai uwezo wa kuendesha gari kwa nafasi ya mhasibu asiyesafiri, kwa mfano, ni kumfungia mlango mtu anayeimudu kazi.

Ujira

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inautaja ulemavu miongoni mwa sababu ambazo ni marufuku kuzitumia kumbagua mfanyakazi. Katazo hilo linahusu tangazo la kazi, usaili, upangaji wa daraja, mshahara, marupurupu, mafunzo, upandishaji cheo, uhamisho, hatua za kinidhamu na usitishaji wa ajira. Hivyo, karani asiyeona anayefanya kazi sawa na mwenzake wa daraja lilelile hawezi kupunguziwa mshahara kwa sababu tu anatumia nukta nundu au programu inayosoma maandishi kwa sauti.

Mfanyakazi akionesha mbele ya chombo cha usuluhishi dalili za awali za ubaguzi, jukumu la kuthibitisha kuwa haukutokea humwangukia mwajiri. Sheria inaruhusu tofauti inayotokana na mahitaji ya msingi ya kazi, na pia hatua maalumu zenye lengo la kukuza usawa mahali pa kazi.

Mazingira ya kazi

Mwajiri anawajibika kuweka mazingira yanayofikika na salama. Mahitaji hutofautiana kwa aina ya ulemavu. Anayetumia kiti mwendo huhitaji njia ya mteremko na choo anachoweza kuingia. Kiziwi huhitaji mkalimani wa lugha ya alama kwenye vikao. Mwenye ualbino huhitaji kinga dhidi ya jua au kupangiwa kazi za kivulini. Ni vyema mfanyakazi akaeleza mahitaji yake kwa maandishi na kubaki na nakala.

Anayepata ulemavu akiwa kazini

Ajali ya kazini haimalizi ajira. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri kuendelea kumwajiri mtu aliyepata ulemavu akiwa kazini, na kumwachisha mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu ni miongoni mwa sababu ambazo sheria ya ajira haizitambui kuwa halali. Kabla ya kuamua kuwa mfanyakazi hamudu tena kazi, mwajiri anapaswa kushauriana naye na kuangalia uwezekano wa kuirekebisha kazi hiyo au kumpatia nyingine.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 20 ya Mwaka 2008, hulipa fidia kwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Michango hutolewa na mwajiri pekee. Hairuhusiwi kukatwa kwenye mshahara. Mafao hujumuisha matibabu, fidia ya ulemavu wa muda na wa kudumu, pamoja na huduma za utengamao. Kwa ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa fedha za mkupuo; unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Pa kupeleka malalamiko

Mfanyakazi anaweza kuanzia kwa chama cha wafanyakazi au kwa Afisa Kazi wa eneo lake. Mgogoro usipotatuliwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kufungua shauri ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ukiwamo wa mshahara, ndani ya siku 60. Anayechelewa hulazimika kwanza kuiomba Tume imwongezee muda kwa kueleza sababu za msingi, na ombi hilo laweza kukataliwa hata kama madai yenyewe ni ya haki. Kwa hiyo, mkataba wa ajira, hati za mshahara, taarifa za daktari na barua zote za mwajiri zihifadhiwe tangu siku ya kwanza.