Miguu Inapogoma: Nadharia Iliyozikwa, Kisha Ikafufuka

Mzee akianza kuburuta miguu, pale Singe kama kwingine kokote mjini Babati, watu hawaulizi mengi. Kazeeka, basi. Mkono ukitetemeka, hapo wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaotaja ugonjwa wa Parkinson waliousikia redioni. Lakini yupo mzee mwingine ambaye haingii kirahisi kwenye mafungu hayo. Mikono yake ni mizima. Anabeba kikombe cha chai kilichojaa bila kumwaga tone. Akiketi humwoni na tatizo. Akifika mlangoni tu, miguu inagoma: anapiga vihatua palepale kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea, mpaka ghafla mguu unaachia na anavuka kizingiti.

Kuhusu mzee huyo, madaktari wamebishana kwa takriban miaka 100.

Daktari James Parkinson wa London alipochapisha kijitabu chake mwaka 1817, alieleza wagonjwa sita tu, baadhi yao akiwa amewaona barabarani. Kilichomshangaza kilikuwa kutetemeka. Mwaka 1901, nchini Ufaransa, Pierre Marie aliandika kuhusu jambo tofauti. Katika ubongo wa wazee waliofia Bicêtre, makao ya wazee karibu na Paris, alikuta vishimo vidogo vilivyoachwa na mishipa midogo ya damu iliyoziba. Walipokuwa hai, wengi wao walitembea kwa hatua fupifupi.

Aliyeunganisha mambo hayo mawili ni Macdonald Critchley, daktari wa mishipa ya fahamu mjini London. Mwaka 1929 alieleza wagonjwa waliofanana na wa Parkinson: waliokakamaa, wenye uso usiobadilika na mwendo wa hatua ndogo, ambao kwa kawaida hawakutetemeka. Alisema chanzo ni mishipa ya damu iliyokuwa migumu ndani ya ubongo.

Nadharia hiyo ilipata pigo. Tayari mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff alikuwa ameonyesha kwamba katika ugonjwa wa Parkinson zinazokufa ni seli za eneo jeusi lililo chini katikati ya ubongo. Mwaka 1960 kundi la Oleh Hornykiewicz, mjini Vienna, likagundua kwamba wagonjwa hao wamepungukiwa na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, na punde ikaja dawa ya levodopa. Waliobaki kuitetea mishipa ya damu walionekana wamepitwa na wakati. Watafiti wa Australia, Eadie na Sutherland, walieleza mwaka 1964 kwamba ugumu wa mishipa haukuwa mwingi zaidi kwa wagonjwa wa Parkinson kuliko kwa wazee wenzao. Critchley mwenyewe alirudi kwenye suala hilo mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 81, na safari hii akasema hali aliyoieleza inafanana tu na Parkinson. Ni wachache wanaopunguza uzito wa nadharia waliyoitunga wenyewe.

Kilichoifufua nadharia ni picha. Kipimo cha CT kilianza kutumika kwa wagonjwa London mwaka 1971, kikafuatiwa na MRI, na sasa madaktari waliweza kuuona ubongo wa mtu aliye hai. Kwa wazee wenye presha ya muda mrefu walikuta mabaka ndani kabisa, kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na vituo vya kuratibu mwendo. Presha hunenepesha kuta za mishipa myembamba inayolisha nyuzi hizo. Damu ikipungua, nyuzi huchakaa, na mwendo wa miguu ndio unaoathirika zaidi. Mwaka 1989 FitzGerald na Jankovic, wa Houston, walieleza wagonjwa ambao Parkinson yao, tuseme, ilikaa kiunoni kwenda chini. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago, waliochunguza ubongo wa watawa na mapadre 418 waliokubali kuchunguzwa wakifa, waliona kwamba hata madhara ya mishipa yasiyoonekana bila hadubini yanaambatana na dalili hizo.

Manyara imo katika historia hii. Haydom, upande wa Mbulu, kuna hospitali ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955. Kutoka hapo timu ya Andrea Winkler ilipita nyumba kwa nyumba kutafuta dalili za Parkinson, ikaunganisha na wagonjwa waliofika wodini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Miaka miwili kabla yalikuwa yametoka ya wilaya ya Hai, Kilimanjaro: katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson.

Hesabu hiyo isomwe kwa makini. Utafiti wa Hai ulitumia vigezo vilivyotungwa London, na miongoni mwa mambo yanayomwondoa mtu kwenye orodha ni viharusi vya kurudiarudia vilivyomdidimiza hatua kwa hatua. Yaani mzee wetu wa kizingitini huenda hahesabiwi humo.

Na huko Hai kiharusi hakikuwa kigeni. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikadiria wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Baadaye, wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha, na wengi hawakuwa wakijua.

Kwa wagonjwa wa namna hii levodopa mara nyingi husaidia kidogo, ingawa wapo wanaopata nafuu. Kwa hiyo daktari anayempokea mzee asiyeweza kuvuka mlango huanza na maswali: miguu ilianza kuwa mizito polepole, au siku moja baada ya kuanguka? Ilianza pande zote mbili? Mkojo unamtoka? Kisha anamfunga mkanda wa presha mkononi.