Siku Kumi na Tano za Kigali

Mtu akisimama katika miinuko ya Nyakitonto, huku Buha nchini Tanzania, na lau njia zingenyooka kama za ndege angani, Kigali ingekuwa karibu naye zaidi ya mara tatu kuliko Dar es Salaam. Ndiyo maana vijana wa huku, waliozoea kurusha mpira katika pete ya nondo isiyo na wavu, iliyochomelewa juu ya bomba na kuliwa kutu kwa mvua za masika, mpira wenyewe ukiwa umegeuka rangi ya udongo mwekundu, hawakuiona Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika kuwa habari ya ng'ambo ilipofunguliwa katika mji ule tarehe 16 Mei, 2021.

Ligi hiyo ilitangazwa mwaka 2019 na NBA ya Marekani pamoja na FIBA, shirikisho la mchezo huo duniani, na NBA haikupata kuendesha ligi nje ya Amerika ya Kaskazini kabla ya hapo. Ilikusudiwa ianzie Dakar mwezi Machi 2020; lakini siku chache kabla ya wakati wake ikaahirishwa kwa kuhofia Korona, na mwaka mzima ukapita kabla timu 12, za mataifa 12, hazijakusanywa katika ukumbi mmoja wa Kigali, wachezaji wakitengwa na raia na kupimwa mara kwa mara, watazamaji wakiruhusiwa kwa uchache. Michezo yote 26 ikachezwa humo.

Wageni walimkodolea macho J. Cole, mwimbaji mashuhuri wa rapu kutoka Marekani, aliyeichezea Patriots ya Rwanda michezo 3 kisha akaondoka. Usiku wa ufunguzi, wenyeji walipoishinda Rivers Hoopers ya Nigeria kwa 83 kwa 60, yeye alitia pointi 3. Kwa rai yangu, jambo adhimu zaidi lilikuwa katika kanuni: kila timu ya watu 13 ilipaswa kuwa na raia 9 wa nchi yake, na kati ya wageni 4 wasizidi 2 watokao nje ya Afrika. Kwa kanuni hiyo, kijana aliyekulia katika viwanja vya saruji vya mtaani kwake aliachiwa mlango wazi wa kuingia kikosini, wala pesa za tajiri hazikuweza kuzijaza nafasi zote kwa wageni.

Patriots walifika nusu fainali, wakaangushwa na Monastir ya Tunisia, kisha Petro ya Luanda ikawapokonya nafasi ya tatu. Kombe likaenda Cairo: Zamalek, waliokuwa hawajashindwa hata mara moja, waliifunga Monastir 76 kwa 63 tarehe 30 Mei, na mchezaji wao Walter Hodge akatunukiwa heshima ya mchezaji bora wa msimu.

Katika timu zile 12 haikuwamo ya Tanzania, nami nasikitika kuliandika hilo. Sisi ndio tuliomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tukajivunia kimo chake, tukakesha tukifuatilia habari zake, tukasahau kwamba mtu mmoja, hata awe mrefu namna gani, hawezi kusajiliwa kuwa klabu. Majirani zetu walikuwa na klabu, na mwezi ule wa Mei ikamaliza ya nne katika Afrika nzima.