Waya wa Shaba Mjini Goma: Kutoka Masango ya Misafara hadi Kilo za Mitraye

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zinazozalisha shaba nyingi zaidi duniani, lakini mji wa Goma hauna mgodi wa madini hayo wala kiwanda cha kuyayeyusha, kwa kuwa umejengwa juu ya mawe ya volkano kando ya Ziwa Kivu, na Lubumbashi, kitovu cha shaba ya Katanga, iko zaidi ya kilomita 1,000 kusini kwake. Hata hivyo shaba hununuliwa na kuuzwa Goma kila siku, si kama madini yaliyochimbwa, bali kama waya mkuukuu uliotolewa katika kuta za nyumba zinazobomolewa, kukarabatiwa au kujengwa upya. Biashara hiyo ni sehemu ya biashara pana ya metali chakavu, ambayo katika mji huo huitwa mitraye, jina lililotoka katika Kifaransa cha Kongo. Historia ya waya wa shaba katika eneo hili inaonyesha jinsi mamlaka ya kupanga thamani yake yalivyohama polepole kutoka kwa mtu aliyeuvaa mkononi hadi kwenye soko la mbali ambalo mkusanyaji wa Goma hana sauti ndani yake.

Katika karne ya 19, kabla umeme haujajulikana Afrika ya kati, waya ulikuwa mojawapo ya bidhaa tatu kuu zilizobebwa na misafara iliyotoka pwani ya Zanzibar kuelekea bara, nyingine mbili zikiwa vitambaa na ushanga. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliorodhesha bidhaa hizo katika kitabu chake cha 1860, na miongoni mwazo yalikuwemo masango, yaani waya mnene wa shaba nyekundu au wa shaba njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Masango yalifungwa kwa mizunguko, yakabebwa na wapagazi mabegani, na yalipofika bara yalikatwa na mafundi wa huko, yakakunjwa kuwa bangili au kuvutwa yawe nyuzi nyembamba za kuzungushia nywele za mkia wa mnyama, ili zitumike kama mapambo ya mikono na miguu. Mfanyabiashara wa msafara hakuwa na uhuru wa kuamua waya upi una thamani, kwa sababu kila eneo lilikuwa na unene na rangi yake iliyopendwa, na aliyefika na bidhaa isiyotakiwa aliweza kurudi nayo au kuitoa kwa hasara.

Wakati huohuo Katanga yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya shaba ambayo haikutegemea pwani. Mafundi wa huko walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani ya malakaiti kwa karne nyingi, na walimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama akiba na fedha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Wayeke, waliotoka Unyamwezi na kuongozwa na Msiri kutoka mji mkuu wake wa Bunkeya, walijulikana kwa ustadi wa kuvuta shaba iwe waya, kazi iliyohitaji kupitisha fimbo ya shaba katika matundu ya chuma yanayozidi kuwa madogo. Ufalme huo ulivunjika baada ya Msiri kuuawa mnamo Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Eneo la Ziwa Kivu lilikuwa pembezoni mwa mitandao hiyo miwili. Ufalme wa Rwanda uliwazuia wafanyabiashara wa pwani wasiingie, na Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyefika ziwani na kupanda mlima Nyiragongo mwaka 1894, alilikuta eneo ambalo misafara ya Waswahili na Wamanyema ilikuwa imeligusa kidogo tu. Biashara ya pande mbili za ziwa ilikuwa na fedha yake, ambayo ni butega, pete za miguu zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, hasa na Watembo wa misitu ya magharibi, zikabadilishwa kwa mifugo na mazao. Butega na masango vilifanana katika jambo moja, kwamba vyote viwili vilikuwa mapambo kwanza na fedha baadaye, na thamani yake ilitokana na hamu ya watu wa mahali pale kuvivaa.

Utawala wa kikoloni ulivunja uhusiano huo. Goma ilianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji kilichotazamana na Gisenyi ya Wajerumani, na mpaka kati ya pande hizo ulikubaliwa mjini Brussels mwaka 1910. Mitako, yaani vipande vya waya wa shaba njano vilivyokuwa vimefanywa fedha rasmi katika sehemu kubwa ya Dola Huru ya Kongo, vilibadilishwa na sarafu za faranga, na waya ukapoteza kazi yake ya kulipia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, na kutoka hapo shaba ya Kongo ilisafirishwa nje kwa wingi ikiwa ghafi, ikasafishwa na kuvutwa ng'ambo, kisha sehemu ndogo sana ikarudi ikiwa nyaya za umeme zilizofunikwa kwa mpira na, baadaye, kwa plastiki. Hivyo mkazi wa Kivu alianza kununua kutoka baharini kitu ambacho nchi yake ilikuwa imekipeleka baharini.

Umeme wenyewe ulienea polepole. Bwawa la kwanza la Ruzizi, karibu na Bukavu, lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, mradi wa pamoja wa Zaire (kama Kongo ilivyoitwa wakati huo), Rwanda na Burundi, ilifuata mwaka 1989. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 1970, iliundwa SNEL, shirika la taifa la umeme. Serikali ilikuwa tayari imetaifisha Union Minière tarehe 1 Januari 1967, na kampuni iliyochukua nafasi yake baadaye ikajulikana kama Gécamines. Mwezi Novemba 1973 serikali ilitangaza pia sera ya kuwapa Wazaire maduka na mashamba ya wageni, na miezi michache baadaye bei ya shaba duniani ikaporomoka, ikaiacha nchi bila fedha za kigeni za kuagizia bidhaa. Katika uchumi wa namna hiyo, ambamo waya mpya ulikuwa adimu, waya wa zamani ulikuwa na faida zaidi ukiunganishwa na kutumiwa tena kuliko ukiuzwa kwa uzito, na kwa sababu hiyo shaba chakavu ilikuwa bado mali ya fundi kuliko ya mchuuzi.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka ubavuni na kumwaga lava iliyopita katikati ya mji hadi ziwani. Takriban asilimia 13 ya eneo la Goma ilifunikwa, watu wapatao 120,000 wakakosa makazi, na kitovu cha biashara pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu vikaharibiwa. Chochote kilichobaki chini ya lava hakikuweza kuchimbuliwa, na watu walisawazisha mawe wakajenga juu yake. Hata hivyo majengo yaliyoungua nusu, paa zilizoanguka na mitambo iliyoharibika viliacha mabaki mengi ya metali juu ya ardhi, na juu ya hayo ikaja kazi ya kujenga upya iliyodumu miaka mingi, ambapo nyumba za mbao zilizosimamishwa kwa haraka zilibadilishwa moja baada ya nyingine kuwa nyumba za kudumu za mawe na saruji.

Ujenzi huo uliingiliana na mabadiliko ya bei ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na Goma. Soko la Metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877 na ambalo bei zake hufuatwa duniani kote, lilikuwa likiuza tani ya shaba kwa dola 1,500 hivi wakati wa mlipuko. Kufikia Mei 2006, kwa kusukumwa hasa na mahitaji ya viwanda vya China, bei ilikuwa imevuka dola 8,000. Kipande cha waya ambacho mwaka 2002 kingeweza kutupwa pamoja na vifusi kilikuwa, miaka minne baadaye, na thamani zaidi ya mara tano. Kuporomoka kwa bei hadi karibu dola 3,000 mwishoni mwa 2008, wakati wa msukosuko wa fedha duniani, kulionyesha upande wa pili wa utegemezi huo.

Ili kuelewa biashara hiyo, ni lazima kuangalia nyumba yenyewe. Kwa desturi ya ufungaji wa umeme iliyoachwa na Wabelgiji, taa hupewa waya wenye ukubwa wa milimita za mraba 1.5 na soketi hupewa wa 2.5. Mita moja ya uzi wa shaba wa ukubwa huo wa pili ina uzito wa gramu 22 hivi, kwa hiyo kilo moja ya shaba safi huhitaji takriban mita 45 za uzi mmoja. Nyumba ndogo ya mbao, ambayo nyaya zake hupigiliwa juu ya ubao, hutoa shaba kidogo lakini kwa urahisi. Nyumba ya zamani ya saruji hutoa zaidi, lakini waya wake umepita ndani ya mabomba ya ukutani na mara nyingi hukatika unapovutwa. Ndiyo maana umiliki wa waya mkuukuu hufaa kukubaliwa kabla ya kazi kuanza, kwa sababu mwenye nyumba huuona kuwa mali yake, na fundi anaweza kuuhesabu kama nyongeza ya ujira.

Mnunuzi wa mitraye hutenganisha shaba kwa madaraja. Ya kwanza ni shaba tupu inayong'aa, iliyomenywa kwa kisu na isiyo na kutu wala risasi ya kuunganishia. Ya pili ni ile iliyofifia, yenye mabaki ya rangi, au iliyochomwa moto ili plastiki iondoke. Kuchoma ni njia ya haraka kuliko kumenya, lakini huunguza uso wa shaba, hupunguza daraja lake, na hutoa moshi wenye asidi na sumu za daioksini, kwa kuwa plastiki ya PVC ina klorini. Katika miaka ya karibuni mnunuzi amelazimika kuchunguza pia nyaya za alumini zilizopakwa tabaka jembamba la shaba, ambazo huuzwa kwa bei ya chini katika maduka ya vifaa vya umeme. Akikata ncha ya waya na kuiona nyeupe ndani, hujua kwamba alichonacho ni alumini, ambayo ni nyepesi na huuzwa kwa bei ndogo zaidi.

Alumini ina soko lake la nyumbani, kwa sababu wahunzi huiyeyusha na kumimina masufuria kwa moto wa makaa. Shaba haina njia kama hiyo: huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Selsiasi, na kuirudisha iwe waya wa umeme huhitaji kuisafisha kwa kiwango ambacho karakana ya kawaida haiwezi. Kwa hiyo hukusanywa mitaani kilo kwa kilo, hubebwa kwa mikono, kwa pikipiki au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Goma inayosukumwa kwa mguu, hadi kwa wanunuzi wa jumla, na kutoka kwao macho huelekea mpakani, kwenye barabara zilezile zinazouleta waya mpya kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kwa kuwa njia hiyo inapita katika nchi kadhaa, sheria za mbali huathiri bei ya karibu. Kenya, baada ya minara ya umeme kuanguka na kuiacha nchi gizani mwezi Januari 2022, ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, kwa sababu serikali iliihusisha na wizi wa vifaa vya umeme.

Tuhuma hiyo ya wizi imeiandama biashara hii Kongo pia, ambako SNEL imelalamika mara nyingi kuhusu kukatwa kwa nyaya zake. Ugumu ni kwamba shaba iliyokwisha kumenywa haina alama ya ilikotoka: uzi uliotolewa kwa halali katika nyumba inayokarabatiwa na uzi ulioibwa usiku kwenye transfoma hulingana mizani inapopima. Hatari hiyo ilikua kadiri mitandao ya umeme ilivyoongezeka, kwani tangu kufunguliwa kwa kituo cha umeme cha Matebe cha megawati 13.6 mwezi Desemba 2015, kampuni za binafsi zimeanza kusambaza umeme Goma kando ya SNEL, na kila mteja mpya ameongeza nyaya zinazoweza kuuzwa.

Matukio ya karibuni yamerudia muundo uleule. Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, ikaharibu maelfu ya nyumba kaskazini mwa mji, siku 12 tu baada ya shaba kufikia bei ya juu isiyowahi kuonekana hadi wakati huo, zaidi ya dola 10,000 kwa tani. Juni 2022 waasi wa M23 waliuteka mji wa mpakani wa Bunagana, mojawapo ya njia kuu za bidhaa kuelekea Uganda, na Januari 2025 wakauteka Goma yenyewe, katika mapigano yaliyokata umeme na maji. Maafa na ujenzi mpya huongeza mabaki ya kuuzwa, na vita vinavyofunga barabara humpunguzia muuzaji uwezo wa kuchagua mnunuzi.

Mkusanyaji wa leo yuko mwisho wa mnyororo, na bei anayopewa ni ile inayobaki baada ya kutolewa usafiri, kodi, malipo ya njiani na faida ya kila mkono uliotangulia. Katika karne ya 19 mwenye msafara ndiye aliyebeba hatari ya kukosea, kwa sababu watu wa bara waliweza kuyakataa masango yake. Sasa hatari hiyo imehamia kwa aliyemenya waya, ambaye hawezi kukataa bei bila kurudi nyumbani na mzigo. Kwa hiyo hoja ya kudhibiti biashara hii kwa marufuku peke yake haigusi kiini chake. Kinachoweza kubadilisha nafasi ya Goma ni kazi ya kuongeza thamani inayofanyika hapohapo, ikianza na umenyaji usiotumia moto, stakabadhi inayotenganisha waya wa ukarabati na waya wa wizi, na karakana za kusuka upya mota na transfoma zinazoweza kuutumia tena waya ambao haujaharibika kabla haujahesabiwa kuwa chakavu.