Upekuzi Usio na Shahidi: Mawasiliano ya Raia na Kifungu cha 32

Polisi anayetaka kupekua nyumba Karema, pale mwambao wa Ziwa Tanganyika, hawezi kujificha. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka mali inayochukuliwa iandikiwe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba na ya mashahidi. Mwenyekiti wa kitongoji ataitwa, na majirani watajua kilichotokea. Lakini polisi huyo akitaka kujua mwenye nyumba huyohuyo alimpigia nani, usiku au mchana, akiwa karibu na mnara upi, mambo huwa mepesi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinampa mkuu wa kituo mamlaka ya kumwamuru yeyote mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi, bila kupita kwa hakimu. Hakimlazimishi kumwita mwenye simu wala kumwarifu baadaye. Ibara ya 16 ya Katiba inayataja maskani na mawasiliano binafsi kwa pamoja, lakini sheria zilizo chini yake zimeyatenganisha, na naamini faragha ya Watanzania inamomonyoka hasa katika pengo hilo.

Pengo lenyewe limepanuka. Tangu Mei 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole zilizoko Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA), hivyo kila namba ina mtu wake anayejulikana. Kwa mchuuzi wa migebuka anayewauzia wateja wa ng'ambo, upande wa Kongo, simu ndiyo daftari la madeni, ndiyo benki, ndiyo njia ya kuulizia hali ya mgonjwa. Orodha ya miito na miamala yake ya mwezi mmoja itaonyesha anayemdai, zahanati anayoipigia na wanachama wenzake wa chama cha siasa, hata kama hakuna aliyesikiliza neno lake moja.

Wapo watakaosema mpaka wa ziwani una magendo, na matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wamewaliza wengi. Ni kweli, na polisi wasipoweza kufuatilia namba, wanaoumia ni wanyonge. Ila mpelelezi mwenye sababu hashindwi kumweleza hakimu sababu hiyo. Umbali nao si kikwazo tena: hata hakimu akiwa Mpanda, zaidi ya kilomita 100 kutoka Karema, Mahakama ya Tanzania tayari inapokea mashauri kwa njia ya kielektroniki.

Hoja kwamba asiye na kosa hana cha kuogopa ni dhaifu zaidi. Septemba 2024 gazeti la The Guardian liliripoti madai yaliyotolewa mbele ya baraza la ajira London, kwamba kampuni ya simu ya Tigo iliipa serikali taarifa za simu ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu na za mahali alipokuwa, wiki chache kabla ya kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Madai hayo hayamtaji aliyefyatua risasi. Yanatuonyesha, hata hivyo, kwamba jambo zito kiasi hicho liliufikia umma baada ya miaka 7, tena kutoka ughaibuni. Na mtunza taarifa akikataa kuzitoa? Maxence Melo wa JamiiForums alikataa kuwataja watumiaji wa jukwaa lake, akakamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni hatua ninayoipongeza kwa dhati, lakini inatoa msamaha kwa masuala ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, yaani palepale raia anapohitaji kinga zaidi. Bunge likirekebishe kifungu cha 32: amri itoke kwa hakimu, itaje kosa na muda, na mwenye simu aarifiwe upelelezi ukishakamilika.