Isaya Mukirania na Dai la Kutajwa kwa Jina

Kutoka Ibanda, chini ya milima ya Rwenzori, hadi Bwera kwenye mpaka wa Kongo, Isaya Mukirania anakumbukwa kwanza kama mfalme wa kwanza wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo magharibi mwa Uganda. Ni heshima anayoistahili, ila imefunika kazi yake iliyo kubwa zaidi. Kabla ya ufalme alikuwa mwalimu wa shule, na mwaka 1954 alianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Wakonzo. Mwaka huohuo alizunguka milimani na mwandishi Mwingereza, Tom Stacey, wakiwahoji wazee. Kwa nini mtetezi wa haki aanze na historia? Kwa sababu Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 ulikuwa umewaweka Wakonzo na jirani zao Waamba chini ya ufalme wa Toro, kana kwamba hawakuwa na historia yao. Machifu wengi walitoka Toro, na mtoto wa Kikonzo alifundishwa shuleni kwa lugha ya Watoro. Waliopinga utawala huo mapema waliadhibiwa vikali: Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya walinyongwa mwaka 1921. Mukirania alirithi kilio chao, akakitafutia ushahidi.

Matunda ya ushahidi huo yalionekana katika Rukurato, baraza la Toro, mwaka 1962. Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walitaka katiba ya Toro iwataje Wakonzo na Waamba kwa majina, kama watu walio sawa na Watoro. Lilikuwa ombi dogo mno kwa ufalme uliojiamini. Lilipokataliwa, walitoka nje ya baraza pamoja na wenzao, na baadaye viongozi hao watatu wakakamatwa. Ndipo dai likawa wilaya yao wenyewe. Tume ya Sembeguya, iliyochunguza machafuko yaliyofuata, ilikiri kwamba malalamiko ya ubaguzi yalikuwa na msingi, lakini haikukubali wilaya tofauti.

Wapo watakaosema kwamba Mukirania mwenyewe aliiacha njia hiyo ya ushahidi na maombi. Alipanda mlimani, akatangaza utawala wa Rwenzururu, akajitenga na Kawamara na Mupalya, ambao waliendelea kudai wilaya ndani ya Uganda. Damu ilimwagika, ya Watoro pia, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini serikali inayokiri kosa kisha ikakataa kulirekebisha huwaachia watu nafasi finyu ya kuendelea kuwa na subira. Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba wilaya za Rwenzori na Semliki, ambazo ndizo Kasese na Bundibugyo za leo, zilitolewa na Idi Amin mwaka 1974, miaka minane baada ya Mukirania kufariki. Ni kweli saini ilikuwa ya Amin. Hata hivyo, alichokitoa ndicho kilichodaiwa tangu 1962, na dai hilo lilidumu katika tawala zote zilizotangulia kwa sababu wananchi walikuwa wamekwisha kulifanya lao.

Ushahidi wa mwisho ni wa mwaka 1982. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, aliyemrithi akiwa bado kijana, aliafikiana na serikali ya Obote na kushuka kutoka milimani. Aliacha madai ya kiti cha ufalme, ambacho serikali ya Uganda haikukitambua hadi 2009. Wilaya zilibaki.