Mguu Uliovunjika na Safari ya Kurudi: Habari za Kutibu Mifupa katika Mbulu na Hanang



Jubilei ni wakati wa kuhesabu. Wengine wamehesabu makanisa, wengine wamehesabu shule na wabatizwa. Mimi nimepewa kuandika habari za jambo ambalo kila nyumba katika nchi yetu yalijua, yaani kuvunjika kwa mifupa na kutibiwa kwake. Nami katika kuitafuta habari hii nimeona neno moja lililo kubwa kuliko mengine. Mguu hauponi siku ile unapofungwa, wala siku ile daktari anapoupasua. Hupona baadaye, nyumbani, polepole. Na daktari hawezi kujua kama kazi yake imefaulu ila mgonjwa arudipo kumwonyesha.

Nchi yetu ni nchi ya kuanguka. Miteremko ya Mbulu ni mikali, na mlima Hanang una urefu wa mita zaidi ya 3,400. Wahadzabe wa Yaeda hupanda mibuyu mirefu kutafuta asali. Wadatooga na Wairaqw huishi na ng'ombe, na maksai akikasirika hujali nini? Tena siku hizi zimekuja pikipiki za kuchukua abiria, nazo zimevunja miguu mingi kuliko miti yote ya asali. Mtu akivunjika paja katika mwezi wa kulima, si yeye peke yake aliyevunjika. Shamba lake limevunjika, na ada ya watoto wake pia.

Zamani mtu wa namna hii alipelekwa kwa mwunga mifupa wa kijiji. Yeye alipapasa mfupa kwa vidole vyake, akauvuta, akaunyosha, akaufunga kwa magango ya miti na kamba. Tusiwadharau wazee hawa. Mifupa mingi iliunga mikononi mwao, kwa maana mfupa wenyewe una nguvu ya kuunga ukiwekwa sawa na kutulizwa. Walakini kulikuwa na mambo matatu yaliyowashinda. La kwanza ni kamba iliyokazwa mno, ikazuia damu, hata vidole vikawa baridi, vikawa vyeusi, na mguu ukaoza. La pili ni mfupa uliotoboa ngozi, kwa kuwa uchafu huingia katika jeraha na kukaa ndani ya mfupa miaka mingi. La tatu ni paja. Nyama za paja zina nguvu sana, huvuta vipande viwili vya mfupa hata kimoja kikapanda juu ya chenzake, na mtu akapona akiwa na mguu mfupi.

Mambo hayo matatu yaliwashinda hata Wazungu kwa muda mrefu. Katika mwaka 1852 daktari wa jeshi la Uholanzi, jina lake Antonius Mathijsen, alieleza namna ya kupaka unga wa jasi katika vitambaa, ambavyo vikitiwa maji huwa vigumu kama jiwe. Ndiyo plasta tunayoijua. Huko Liverpool, Hugh Owen Thomas alitengeneza gango la chuma la kunyosha mguu, na katika vita vya 1914 hadi 1918 gango lile liliokoa maisha ya askari wengi waliovunjika mapaja. Na tangu mwaka 1895 Wilhelm Röntgen alipoivumbua eksirei, daktari aliweza kuuona mfupa bila kuupasua mwili.

Maarifa hayo yalifika kwetu kwa njia ya misheni na ya serikali. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary walitumika Dareda. Na katika mwaka 1955 Wamisionari wa Kilutheri wa Norwe wakafungua hospitali ya Haydom, kusini-magharibi mwa Mbulu, ambayo leo ni mali ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Wagonjwa waliletwa kwa machela mabegani mwa jamaa zao, wengine kwa mwendo wa siku nzima au zaidi.

Matibabu ya paja katika hospitali za siku zile yalikuwa ya saburi. Daktari alipitisha msumari mwembamba katika mfupa chini ya goti, akaufunga kamba, na kamba ile ikapita juu ya gurudumu dogo mwisho wa kitanda, ikaning'inizwa mawe au mifuko ya mchanga. Uzito ule ulivuta mguu mchana na usiku, ukazishinda nyama za paja. Mgonjwa alilala chali miezi miwili au mitatu. Wengi walipona. Lakini fikirini baba wa watoto sita aliyelala miezi mitatu, mvua ikinyesha na kuisha, na shamba lake halina mtu wa kulilima! Wengine walifungua kamba wenyewe wakaenda zao kabla ya wakati.

Hata nchi ilipokwisha kupata uhuru, elimu hii ikaongezeka. Hospitali ya K.C.M.C. ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na mwaka 1981 pakaanzishwa hapo chuo cha kuwafundisha mafundi wa miguu ya bandia na vyuma vya kutegemeza viungo. Mwaka 1996 sheria ya Bunge ikaanzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Hivyo vijana wetu wenyewe wakawa madaktari wa mifupa.

Sasa nieleze habari ya msumari wa ndani ya mfupa. Mfupa wa paja una uwazi katikati kama mwanzi. Katika mwaka 1939 daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher wa Kiel, alianza kutia fimbo ya chuma katika uwazi ule, ikavishika vipande viwili kwa ndani. Mgonjwa akaweza kuinuka baada ya siku chache. Lakini kazi hiyo ilihitaji eksirei ya kutazama wakati wa kupasua, nayo ni mashine ya bei kubwa, tena hudai umeme usiokatika. Ndipo mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle akaanzisha shirika liitwalo SIGN. Shirika hili hutengeneza msumari ambao daktari aweza kuutia na kuufunga kwa skrubu pasipo mashine ile, nalo huupeleka bure katika hospitali za nchi maskini. Sharti lake ni moja: daktari apeleke taarifa ya kila mgonjwa, na picha zake.

Taarifa hizo zilipokusanywa, zikatufundisha jambo kubwa. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha hesabu ya misumari 34,361 iliyotiwa katika nchi 55. Kwa paja, walioonekana kuingiwa na usaha walikuwa 0.7 tu katika 100, na kwa mfupa wa muundi 1.2 katika 100. Mtu akisoma hivyo atafurahi. Lakini walitazama tena wakaona kwamba waliorudi kuonekana na daktari walikuwa 18 tu katika kila 100. Basi wakahesabu hao waliorudi peke yao, ambao walikuwa 6,224; hapo usaha wa paja ukawa 3.5 katika 100, na wa muundi 7.3 katika 100.

Walimu, mtaona maana yake. Hesabu ya kwanza ilimweka kila asiyerudi katika safu ya wazima. Ni kama mwalimu anayeandika kwamba watoto wasiofika shuleni siku ya mtihani wote wamefaulu. Wala hesabu ya pili si kamili, kwa kuwa yamkini mwenye maumivu hurudi kuliko mzima. Ukweli uko katikati, na wanaoujua ni wale 82 waliokaa nyumbani. Hatari ni hii: daktari asiyewaona aliowakosea atarudia kosa lile lile kwa mgonjwa ajaye, huku akidhani amefanya vema.

Madaktari wetu hawakuridhika na hali hiyo. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili walichukua watu wazima 240 waliovunjika muundi na mfupa ukatoboa ngozi. Wengine walitiwa msumari wa ndani, wengine wakafungiwa vyuma vya nje, kwa kura, si kwa kuchagua. Nao wakafuatwa mwaka mzima. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Kwa mambo makubwa, yaani kufa au kupasuliwa tena kwa sababu ya usaha au mfupa usiounga au uliopinda, haikuonekana tofauti ya hakika kati ya njia hizi mbili. Lakini wenye msumari walikuwa na miguu iliyonyoka zaidi, na katika wiki ya sita hali yao ilikuwa nzuri kuliko ya wenzao. Neno hili lisingalijulikana kama wagonjwa hawakurudi.

Tena kuna kipimo kingine kilichonifurahisha, kwa kuwa ni cha watu wa vijijini kama sisi. Mgonjwa huambiwa achuchumae chini kabisa, kisha atabasamu, apigwe picha. Wataalamu walikichunguza kipimo hiki Dar es Salaam, wakatoa matokeo mwaka 2019, ya kwamba namna mtu anavyochuchumaa ni dalili njema ya kuonyesha kama mfupa wa paja umeunga. Nani asiyejua maana ya kuchuchumaa? Mwanamke huchuchumaa akikamua maziwa, na mkulima akipalilia. Mtu asiyeweza kuchuchumaa hajapona, hata akitembea barabarani kwa madaha.

Watoto nao wana fungu katika habari hii. Huko Uganda ilihesabiwa kwamba karibu mtoto 1 katika kila 1,000, au zaidi kidogo, huzaliwa na nyayo zilizopindia ndani. Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, alifundisha kuzinyosha pasipo upasuaji mkubwa. Mguu huvutwa kwa upole na kufungwa plasta, kila wiki plasta mpya, kwa kawaida mara tano hadi saba. Mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo. Kisha mtoto huvikwa viatu vyenye chuma katikati. Miezi mitatu ya kwanza huvivaa karibu mchana na usiku, halafu usiku tu hata afikapo umri wa miaka minne hivi. Kazi ya daktari huisha katika wiki chache. Kazi ya mama huchukua miaka minne. Nyayo zinazopinda tena, nyingi ni za watoto ambao viatu vile viliachwa.

Sasa yanipasa kusema kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kijiji chetu alianguka na pikipiki, akatiwa msumari katika muundi. Akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo, tukamshukuru Mungu kanisani. Alikuwa ameagizwa kurudi hospitali baada ya wiki sita. Nauli ilikuwa taabu, na mama yake akaja kuniuliza shauri. Nami nikamwambia, "Mama, si unamwona anatembea? Ngojeni mvuno kwanza." Kabla ya mvuno kufika, mguu ulivimba, usaha ukatoka. Alipasuliwa mara mbili tena, na leo goti lake halikunji sawasawa. Kila nimwonapo ameketi juu ya kiti pale ambapo wenzake wamechuchumaa, nakumbuka shauri langu.

Tena tukumbuke siku ile ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalipoporomoka kutoka mlima Hanang, yakafunika nyumba katika Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wakajeruhiwa, wakapelekwa katika hospitali ya wilaya na wengine Babati. Katika wiki ile taifa zima lilitutazama, na misaada ikaja. Lakini mfupa hauungi kwa wiki moja. Aliyeumia siku ile alihitaji mtu wa kumshika mkono mwezi wa tatu na mwezi wa sita, magari ya wageni yalipokuwa yamekwisha kuondoka.

Basi, ndugu zangu, nawasihi mambo machache. Mtu akivunjika, mguu utulizwe kwa gango lisilokazwa mno, na vidole vitazamwe. Mfupa ukitoboa ngozi, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, naye apelekwe hospitali siku ile ile, kwa kuwa kila saa ina thamani. Akisha kurudi nyumbani, wazee wa mtaa waandike tarehe aliyoagizwa kurudi, kama tunavyoandika tarehe za ubatizo. Na nauli ikikosekana, itafutwe mapema. Walimu wamtazame mtoto anayechechemea, wasimcheke, bali wamwulize mzazi wake alirudi lini kwa daktari.

Baba zetu waliwachukua wagonjwa kwa machela siku nzima ili wafike hospitali. Sisi leo tuna barabara na simu. Tukashindwa kuwapeleka mara ya pili?